Jiko Lililokuwa na Jina la Shangazi

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya majiko lilikuwa kusahihisha watu. Mama mmoja alikuja nyumbani, mtaani kwetu Mshangano, akitaka jiko la shangazi yangu. Alilitaja kwa jina la shangazi mwenyewe, bila kufikiri, kama mtu anavyosema sufuria. Nikamjibu, "Mama, lile ni jiko banifu, la kubana kuni. Tuseme kwa usahihi."

Shangazi ndiye aliyelianzisha hapa kwetu. Alichanganya udongo wa kichuguu na majivu, akaweka mashimo mawili, na nyuma kishimo cha tatu ambamo maharage huiva kwa joto lililobaki. Wanawake walipoiga, jiko likachukua jina lake. Jina lenyewe silitaji hapa, maana sikumwomba ruhusa alipokuwa hai.

Kazi nilijifunza kwa kumtazama, mengine nikayatafuta kwenye simu. Sikuwa na cheti, na jambo hilo lilinitesa. Shimo likipinda kidogo nilibomoa jiko zima. Niliogopa kwamba mtu aliyesoma angenisikia nikiita kazi yangu kwa jina la bibi wa mtaani, akacheka. Basi nikaandika "jiko banifu" kwenye kibao, nikawafundisha hivyo hata akina mama wa mtaa wa Ruhuwiko.

Wakati huohuo nilipenda kusoma maneno yalikotoka. Jioni moja nilimweleza shangazi kwamba dizeli ni jina la mtu aliyebuni injini ya mafuta hayo, na kwamba volti na wati nazo zimetokana na majina ya watu. Alikuwa anachambua maharage.

"Kumbe dizeli alikuwa mtu!" Akacheka. "Huko mashineni tunamtaja kutwa nzima, maskini. Alikuwa na watoto?"

"Sijui, shangazi."

"Hata kama hakuwa nao," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Mimi nikaendelea na habari za wati. Shangazi hakuzaa. Kwetu mjukuu hupewa jina la bibi yake, nalo huendelea kuitwa uani hata bibi akishaondoka. La shangazi halikuwa na mtoto wa kulibeba. Lilikuwa na jiko tu. Yote hayo niliyajua, lakini sikuyaunganisha.

Msibani kwake walikuja watani wetu kutoka Tunduru. Mmoja wao, mama mwenye sauti kubwa, alijifunga khanga ya marehemu kiunoni, akainama mekoni na kumwigiza akipuliza moto, mashavu yamevimba. Watu walicheka huku wanalia. Kisha akaninyooshea mwiko.

"Haya, mtaalamu! Shangazi yako tumzike kwa jina gani? Naye tumwite banifu?"

Mtani hakasirikiwi. Nilicheka na wenzangu mpaka walipogeukia jambo lingine, halafu nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na kichuguu alikokuwa akichimba udongo.

Kibao nilikifuta, nikaandika jina lake. Wateja hulisoma, huniuliza huyo ni nani, nami huwaeleza. Husikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha husema, "Sawa, fundi. Sasa hilo banifu utanijengea lini?"

Niliwafundisha vizuri mno. Siku hizi mimi huliita jiko kwa jina la shangazi, na simsahihishi mtu tena.