Onja mbele, Mama

Leo mutu amenionjesha uji nilipika mi mwenyewe. Mbele ya batu!

Asubuhi balinipigia simu: bwana yangu, askari, amepigwa risasi ku mukono, iko hospitali.

Njo nikakimbia na mutoto kwenye kamati ya bibi za askari, hapa Kashebere. Banachungaka batoto yetu wakati wa shida.

Nikakuta mama moja mi simujue. Anacheka sana. Termo ya maziwa iko tayari. Tayari kwa nani?

Nikamuambia: "Onja mbele, Mama. Mutoto kisha." Munajua inchi yetu na mambo ya sumu.

Akakunywa kikombe muzima, hata hakukasirika. Ile njo ikaniogopesha zaidi.

Kisha akaingiza mukono mu mufuko yangu, akatosha chupa ya uji nilileta. "Na weye, onja."

"Mi? Uji ya mutoto wangu?"

"Mutoto akiumwa tumbo hapa, ni bwana yako atakuja kuniuliza. Na bunduki."

Bamama bote bakageuka kuniangalia. Nikakunywa. (Weye ungekataa?)

Nikamuachia mutoto. Sasa niko hospitali. Bwana amefungua macho, hata hajanisalimia:

"Mutoto iko na nani? Huyo alionja maziwa yake mbele?"

Nikamujibu: "Tulionja bote."