Neno Lililoongezwa Ukutani

Mkono wake haukuandika jambo asilolisadiki. Kanuni hiyo mchora vibao wetu aliishika tangu ujana, na kwa ajili yake watu walimbandika jina la Fundi Kweli, nusu heshima, nusu kejeli. Mwenye bucha alipotaka kibao cha "Nyama mpya kila siku", Fundi alikwenda kwanza kuchungulia jokofu, kisha akasema ataandika "Nyama", basi. Kinyozi alimtania kwamba siku atakayokufa msalaba wake utabaki mtupu, maana hatakuwepo kuhakikisha kama kweli amekufa.

Watu walicheka, lakini chini ya kanuni ile palikuwa na hofu. Alisadiki kwamba siku ya hukumu mkono wake wa kuume utasimama kumshuhudia. Alisadiki pia kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi kwa siku sita, siku zenye jioni na asubuhi kama hizi zetu, na kwamba dunia haijatimiza miaka elfu saba. Hakuwa mtu wa mabishano. Mkewe alikuwa kaburini, naye alitumaini kumwona tena kwa ahadi iliyo kwenye kurasa za mwisho za Biblia. Ukurasa wa kwanza ukiwa na uongo, aliwahi kuniuliza, nani ataniapia kuhusu wa mwisho? Mtu wa namna hiyo hatetei hesabu ya miaka. Anatetea kaburi.

Binti yake wa pekee alifundisha sayansi, akiwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Mkuu wa shule aliagiza ukuta wa darasa lake uchorwe historia ya dunia kabla mkaguzi hajafika, akamdokeza kwamba kuthibitishwa kwake kazini kutategemea ukuta huo. Binti akamwomba baba yake. Alimweleza habari za samaki, majani na wanyama wakubwa waliokwisha kutoweka. Kuhusu kichwa cha maandishi alinyamaza, kwa woga, mpaka asubuhi ya ukaguzi, rangi ilipokwisha kukauka.

Alipokitaja, kwamba dunia ina miaka bilioni nne na nusu, Fundi aliweka brashi chini.

"Mama, huyu samaki nimemchora kwa sababu Mungu alimwumba. Hilo la miaka siandiki."

"Baba, mkaguzi yuko njiani. Watanitoa."

"Basi andika mwenyewe."

"Kwa mwandiko wangu huu, kama kuku kaparura? Baba, nakuomba. Ni ukuta tu."

Alimjibu kwamba hakuna ukuta tu. Binti akatoka kwenda kunawa uso, maana wanafunzi walikuwa wanakuja na hakutaka wamwone analia.

Fundi alibaki peke yake. Aliogopa mkono wake, na aliogopa machozi ya mwanawe. Mwenye hofu mbili hutafuta mlango wa tatu, na mara nyingi mlango huo ni wa hila. Alipanda kwenye stuli akaandika, herufi zimenyooka kama zimepigwa rula: "Wanasema dunia ina miaka bilioni nne na nusu." Neno la kwanza hakuagizwa na mtu. Lakini lilikuwa kweli, si wanasema? Alishuka moyo umetulia, akakaa pembeni kusafisha brashi zake.

Mkaguzi akaingia pamoja na mkuu wa shule. Hakuwa mtu mbaya. Alizisifu picha, akasoma juu, akatabasamu. Mkuu wa shule hakutabasamu.

"Wanasema akina nani, mwalimu?" mkaguzi aliuliza.

Darasa likacheka. Mkaguzi akamgeukia binti.

"Na wewe unasemaje?"

Binti alitazama ukuta, kisha akamtazama baba yake. Fundi aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoelewa: mzigo aliojitua ulikuwa umemwangukia mtoto. Alitaka kusema neno lile ni lake, mwacheni. Ulimi ukagoma. Mtu ambaye hakumwogopa mwenye bucha alishika kitambaa chenye rangi akaendelea kufuta brashi.

"Nami nasema hivyo," binti alisema.

Mkaguzi akamwomba aseme wanafunzi wa nyuma wasikie. Akarudia, kwa sauti.

Kama alilisadiki, sijui. Baba yake hajawahi kumwuliza, kwa kuogopa jibu.

Sina ugomvi na kanuni ile. Anayeamini siku sita asimame nazo hadharani, hata akikosa chakula kwa ajili hiyo. Lakini dhamiri unayoitunza wewe, gharama yake akalipa mtoto wako, hiyo ni woga uliovaa nguo za ibada.

Binti alithibitishwa kazini. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, wala hajaja tena. Alimwambia baba yake kwamba hawezi kukiri hili shuleni na lile kanisani, na kwamba lile la shuleni amekwisha kulitamka mbele ya watoto. Fundi huketi benchi lile lile, pembeni yake pakiwa wazi. Mkono wake haujaandika uongo hadi leo. Gharama aliyoilipa ni hii: anaamini kwamba siku ya ufufuo atamkuta mkewe, naye hatakuwa na mtoto wa kumwonyesha.