Mkanda wa Wembe wa Baba

Mwanangu, sogea karibu nikueleze asubuhi moja ambayo mpaka leo naikumbuka. Nilikuwa msichana, hapa hapa mtaani Nyakabiga. Mke wa kaka yangu alikuwa amejifungua, na baba yangu, kinyozi mzee, aliapa kwamba mjukuu wake wa kwanza atanyolewa siku ya akika kwa wembe wake, ule wa kukunja, kama tulivyonyolewa sisi wote.

Lakini wembe ule haufai bila mkanda wa ngozi wa kuunolea makali, na mkanda wa baba ulikuwa umening'inia nyuma ya mlango tangu mikono yake ianze kutetemeka. Ulikauka ukawa mgumu. Kaka, kwa kutaka kusaidia, akaupaka mawese. Mawese! Huyo alitibu kila kitu kwa mawese, hata bawaba za mlango. Ngozi ikanata, ikanuka, wembe ukawa unateleza tu, na kichwa cha mtoto mchanga huwezi kukipelekea wembe butu. Baba aliushika mkanda, kisha akasema tununue wembe wa dukani. Afadhali angetugombeza, nisingeumia kama nilivyoumia pale.

Nikamwambia, "Apana, baba. Mi nitautengeneza."

Akacheka, akasema nitajichosha bure. Basi nikajichosha. Niliunyunyizia unga wa muhogo, nikaacha unga unywe mafuta, nikafuta, nikanyunyiza tena, mpaka unga ukatoka mweupe. Nikaufuta kwa kitambaa chenye sabuni, nikauanika kivulini, maana jua lingeukunja. Halafu msasa laini, kwa mkono mwepesi. Mwisho mafuta ya ng'ombe, kidogo sana, nikasugua kwa kiganja mpaka ngozi ikapata joto na kiganja kikaniwaka. Mama akaniita kula, sikwenda. Shangazi akasema nina kichwa kigumu. Ninacho, na we umekirithi.

Asubuhi ya akika baba aliupitisha wembe kwenye mkanda, huku na huku, akajaribu makali kwenye vinyweleo vya mkono wake. Vikakatika. Akautazama mkono unaotetemeka, akamtazama mtoto. Kisha akanigeuzia mpini wa wembe.

"Shika we, mwanangu. Mi nitashika kichwa."

Nilimnyoa mtoto yule bila kumtoa hata tone la damu. Baba alilia mbele ya wageni, wala hakujificha.

Sasa we unaniambia cherehani yako iliyolowa na mafuriko ya kule Gatumba utawapa wanunuzi wa vyuma chakavu. Apana. Mtu asikuambie kitu kimekufa wakati we mwenyewe hujakitia mkono. Ifungue, ikaushe, toa kutu, itie mafuta kidogo, na ikikataa, anza upya. Kuchoka utachoka, utalala, utaamka. Kailete hapa leo hii. Na Mwenyezi Mungu akutie nguvu mikononi, akuondolee uvivu wa moyo, na siku moja akupe mtu wa kukukabidhi mpini mbele ya watu wako. Amina.