Mikeka ya Zahoro

Kaka yangu Zahoro aliuza mabegi ya mgongoni na makoti ya mvua ya mtumba hapa Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe. Koti likitoka kwenye belo hakulitundika mpaka alipime. Alijaza maji kwenye kofia ya hilo koti, akalining'iniza kwenye msumari, akaendelea na wateja. Baadaye alipitisha kiganja chini ya ile kofia, na kikitoka kikavu ndipo alitaja bei. Lililovuja aliliuza pia, ila alimwambia mteja ukweli: "Hili la kuendea harusini, sio mvuani."

Siku moja mteja akamchokoza. "Wewe mzee wa makoti, mlimani umeshawahi kufika?" Zahoro alikuwa hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za ghorofani. Swali lile likamkaa. Masika yaliyofuata akapanda basi hadi Lushoto, akatembea kwa miguu mpaka Mtae, mvua ikimpiga njia nzima. Alirudi kucha za vidole gumba vya miguu zimeng'oka, uso unang'aa kama bwana harusi. Tangu hapo, kila masika, wenzake wakihangaika kusogeza meza zao barazani, yeye anafunga begi. Salma, mkewe, alikuwa akisema wanawake wenzake wana wake wenza, yeye ana mlima.

Aliyefuatana naye ni Bhargav wa Upanga, Mhindi mhasibu. Walianza kwa kubishania bei ya koti, wakaishia kuwa ndugu.

Mwezi wa Rajabu presha ilimpanda Zahoro akiwa kazini, akaanguka katikati ya mabegi yake. Magharibi haikumkuta. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Nilikuwa na kaka mmoja tu.

Siku ya arobaini yake watu walijaa mpaka uani, mikeka ikatupungukia. Nikakumbuka kuna miwili mipya juu ya kabati chumbani kwa Salma, imeviringishwa vizuri. Nikaitoa. Nilipokuwa nakata kamba, Bhargav akaruka kutoka kwenye kiti.

"Dada Mwana, hapana! Hiyo msiikalie."

Wanawake wote wakageuka. Shangazi mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Haya, leo Mhindi ndiye anatufundisha hitma."

"Samahani, mama," Bhargav akasema. "Hiyo ina wenyewe. Zahoro hakuwaambia?"

Hakutuambia. Akatusimulia yeye. Mwaka jana walipotea kwenye ukungu huko juu, wakalowa mpaka kwenye mifupa, na Bhargav akashikwa na homa akawa anaweweseka. Wanakijiji waliwakuta karibu na msikiti wao mdogo, wakawaingiza ndani. Mablanketi hayakutosha. Imamu akakunja mikeka ya msikiti akamfunika nayo mgonjwa, na matope yake yote. Mikeka ile iliharibika. Zahoro akaweka nadhiri pale pale: Mungu akimponya huyu nikashuka naye, nitaleta mipya, na nitaibeba mgongoni mwangu.

"Nikapona," Bhargav akasema, akainamisha kichwa. "Na yeye alikuwa anasubiri masika."

Usiku ule sikuwaza kingine. Kaka yangu amelala kaburini na ahadi yake kwa Mungu iko juu ya kabati. Nilimwuliza shehe wa mtaa wetu. Akasema jamaa ya marehemu anaweza kumtimizia nadhiri yake, ni kheri kubwa. Salma yumo edani, hawezi kusafiri. Nilibaki mimi, ambaye kutembea kwangu ni kutoka nyumbani hadi sokoni Buguruni.

Mume wangu Mudi anakaanga samaki Feri, na ni mtu wa mwili. "Si tuipakie kwenye basi, mke wangu? Mungu anajua mabasi yapo."

"Zahoro alisema mgongoni."

"Mgongoni mwake! Hakusema mgongoni mwa Mudi."

Lakini baada ya Idi alikuja. Tulishuka basi Lushoto, Bhargav akatuongoza kwa miguu. Mikeka tuliifunga kwa turubai, nailoni ndani yake, kama Zahoro alivyokuwa akifanya, maana mkeka ukilowa unavunda. Nilivaa koti lake. Tulipokezana mzigo. Kwa urefu wake ulikuwa unanasa kwenye kila tawi, na mvua ya kule hainyeshi ikakoma kama yetu, inakaa nawe kama mgeni. Usiku tulilala kwa masista, wakatukaushia viatu jikoni kwao.

Siku ya pili, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, Mudi aliteleza akaenda chini kwa makalio, na mzigo ukaburuzika juu ya kisiki. Turubai likachanika, na nailoni pia. Mvua ikaongezeka kama iliyokuwa inatungojea.

"Turudi kwenye zile nyumba tulizozipita," Bhargav akasema. "Tungoje ipungue."

Nilitazama nyuma, nyumba zilikuwa mbali. Nikaingiza mkono kwenye mpasuko. Ukindu wa mikeka ulikuwa bado mkavu, lakini si kwa muda mrefu. Nikavua koti la Zahoro, nikafunga nalo mikeka, nikaibana mikono ya koti mafundo mawili.

"Utaugua, Mwana!"

"Nitaugua nikisimama. Twende."

Mudi akavua lake akanivalisha. Koti hilo Zahoro alikuwa amempa zawadi. Hatukufika mbali, maji yakaanza kunitiririka mgongoni, ndani kwa ndani.

"Mudi, hili linavuja."

Akalishika, akapitisha kiganja chini ya kofia, akakitazama. "Kumbe ndiyo maana shemeji alinipa bure!"

Bhargav akasema, "La harusini hilo." Tukacheka, tumelowa watatu, tumeshikilia miti tusianguke. Tangu mazishi sikuwa nimecheka. Nilicheka mpaka nikalia, na mvua ikanisitiri.

Tulifika msikitini Alasiri inakaribia. Imamu, mzee mwembamba mwenye koti la sufu, alimtambua Bhargav kwanza, akamkumbatia na matope yake. Kisha akatafuta kwa macho nyuma yetu.

"Na Zahoro?"

Bhargav akanigeukia. Nikamwambia mimi. Nikamwambia na habari ya nadhiri. Mzee akarejesha maneno yale tunayosema sote kwenye msiba, akapiga magoti sakafuni, akafungua mafundo yangu mwenyewe, pole pole.

Mkeka wa kwanza ulikuwa mkavu kabisa. Wa pili ulikuwa umelowa pembeni, pakubwa kama sahani.

"Nisamehe, babu," nikasema. "Nilijitahidi."

Mzee akapagusa pale palipolowa, akatabasamu. "Mwanangu, huu umekuja umeshatawadha. Ulitaka nini tena?"

Akatandika mmoja mbele. Ule wenye unyevu akautandika nyuma, upande wa wanawake, maana humo nilikuwa peke yangu. Kijana mmoja aliadhini, mvua ikigonga bati juu yetu. Bhargav alikaa barazani akiviangalia viatu. Nilivaa nguo kavu za mke wa imamu, nikasimama nyuma ya safu.

Niliposujudu, paji la uso lilitua pale penye maji. Nikamwombea kaka yangu, nikakaa hapo kidogo zaidi kuliko kawaida.