Pini Sita Mdomoni

Mama Cherehani ana mdomo usiojua likizo. Kwa miaka mitatu amewafuata walionusurika vita vya miaka arobaini iliyopita, mkononi daftari lake la vipimo vya nguo: ukurasa huu kiuno cha mteja, ukurasa ule siku kiwanda cha unga kilipopigwa kombora. Wasomi wenye vyeti hawajaandika hata nusu yake. Wao bado wanaunda kamati ya kuchagua kalamu.

Anachotafuta ni kimoja. Mjomba wake alifia kiwandani, lakini orodha ya ofisi ya kumbukumbu inasema alitoroka zamu. Ukuta wa kumbukumbu unachongwa majina wiki ijayo, na watoro hawamo. Mwisho wa kupokea ushahidi, Ijumaa. Shahidi aliye hai ni mmoja tu, mzee tunayemwita Bubu, ingawa kutukana anatukana vizuri kabisa.

Mara nne Mama Cherehani alimfuata nyumbani. "Babu, ilikuwa saa ngapi? Mlikuwa wangapi? Mjomba alisimama wapi?" Mara nne mlango ukafungwa.

Alhamisi, Bubu akaja mwenyewe dukani, suruali mpya inaburuta chini. Mama Cherehani akapiga magoti, akabana pini sita midomoni, akaanza kukunja upindo. Sasa hata akiuliza, atazimeza.

"Leo umenyamaza," mzee akasema kule juu. "Unaumwa?"

Akatikisa kichwa.

"Mjomba wako hakutoroka. Tulishafika getini. Akarudi kumchukua mwenzetu mmoja kiziwi, ambaye hakusikia king'ora. Mimi nikaendelea kukimbia." Akakohoa. "Mtoro nilikuwa mimi."

Mguu wa kushoto ulikunjwa mara tatu, wa kulia ukasahauliwa. Hatimaye Mama Cherehani akatema pini.

"Babu, kesho ukaseme hivyo hivyo ofisini."

"Nimeiambia suruali, sijaiambia serikali."

"Basi kesho naipeleka suruali. Ukiwa ndani yake, shauri yako."

Ijumaa walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Karani akamsogezea fomu. "Eleza kwa ufupi, mzee. Mistari mitatu."

Bubu akavuta kiti. "Mwanangu, nimefupisha miaka arobaini. Leo nikae."

Akaeleza yote, na mbio zake mwenyewe hakuziruka. Mama Cherehani alisimama nyuma yake, kimya. Karani akachukua fomu ya pili, kisha akachukua rula, akakata neno "alitoroka" kwenye orodha.

"Na wewe, mzee, nikuandike nini?"

"Niandike nilikimbia," akasema Bubu. "Ila anza na jina la mjomba wake. Herufi kubwa."