Bibi Alipokataa Mkono Wangu

Usiku ule nililala na homa, tende moja laini ikiwa mfukoni mwa kanzu yangu. Mkwe wangu, mke wa mwanangu Idrisa, alikuwa amerudi na kichanga kutoka hospitali alasiri ile. Nyumbani kwetu Tabora, babu ndiye humwadhinia mtoto sikioni, kisha hutafuna tende akampaka kinywani kwa kidole, aonje utamu pamoja na dua. Wajukuu sita nimewafanyia hivyo. Huyu wa saba niliomba angoje alfajiri, kwa kuwa nilikuwa natetemeka na sauti imekauka.

"Mafua tu," nilimwambia mke wangu. "Nani kafa kwa mafua?"

Usingizini nikamwona Bibi Zuhura, mama yake baba yangu, aliyefariki nikiwa kijana. Ameketi uani, anapeta mchele. Furaha ikanijaa kifuani. Nikanyoosha mkono.

"Shikamoo, Bibi."

Anaficha mikono ndani ya kanga. "Marahaba, mume wangu. Kaa huko huko."

"Umeninunia?"

"Nikununie kwa uzuri gani ulio nao? Unapiga chafya kama beberu, halafu wataka mkono!"

Nikacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Hapo nikaona matone madogo yakinitoka kinywani, kama vumbi katika mwale wa jua. Yanaelea. Yanatua kwenye ungo, kwenye kata ya maji, kwenye vidole vyangu.

Ua ukawa njia ndefu kati ya nyumba zisizofuka moshi. Bibi anatangulia, sasa ni msichana mdogo, ila sauti ni ile ile ya uzeeni. Nikatambua kwamba ni wakati wa mafua makubwa yaliyofuata vita ya Wazungu, yaliyomchukua mama yake. Alinisimulia mara moja tu, nami nilikuwa nimesahau.

"Ugonjwa huu ni mgeni anayebadili kanzu kila mwaka," anasema. "Ikifanana na ya zamani, mwili humtambua, hupambana naye. Mwaka ule alivaa kanzu iliyotoka kwa ndege wa porini, hakuna mwanadamu aliyewahi kuiona. Akazunguka dunia nzima."

Bata wanapita kati yetu, kimya. Duniani Bibi hakujua hata kusoma. Huko alikojifunza hayo, Mungu ndiye ajuaye.

Kisha nimo chumbani, mtoto yu mikononi mwangu, tende iliyotafunwa i kwenye ncha ya kidole. Namwinamia sikioni. Bibi amesimama mlangoni.

"Mume wangu," anasema, taratibu kabisa. "Kwa huyu, kila kanzu ni mpya."

Nikaamka nimelowa jasho. Idrisa alikuwa anabisha hodi.

"Baba, mtoto yuko tayari. Nimlete?"

"Usimlete! Na wewe usiingie. Utamwadhinia mwenyewe."

"Mimi, Baba? Kwa sauti hii ya chura?"

"Hajasikia nyingine ya kuilinganisha nayo. Nawa mikono, umwadhinie."

"Na tende?"

"Mwenye mafua hamtilii mtoto kitu kinywani. Mwambie mama yake aendelee kumnyonyesha. Mimi nitamwombea kutoka huku. Dua hufika. Ukimaliza, unipeleke hospitali."

Alinipeleka asubuhi ile ile. Daktari alinipima, akasema ni homa ya mafua yenyewe, na katika umri wangu si jambo la mzaha. Akanipa dawa ya kupambana na virusi, akashukuru kwamba nimefika siku ya pili tu, maana hufaa zaidi ikianzwa mapema. Vidonge vya kuua bakteria nilivyobakiza tangu kidonda cha mguu, nilivyokuwa nimeanza kuvimeza, alinikataza, kwa kuwa haviui virusi. Akaniambia pia kuna chanjo, nayo hubadilishwa mara kwa mara kuufuata ugonjwa unavyobadilika. Nikatabasamu peke yangu nyuma ya barakoa.

Lakini kabla ya hayo yote, nilikaa kitandani, kitambaa mdomoni, nikasikiliza. Ng'ambo ya ukuta Idrisa alianza kuadhini. Alikwama, akameza mate, akaendelea. Nikaitikia neno kwa neno, polepole, machozi yakinitiririka. Nilikuwa namshukuru Mola kwa kunipa mwana wa kuadhini, na bibi ambaye hata kaburini hajaacha kunikaripia. Alipomaliza, mtoto alilia kwa nguvu, kifua kizima, pumzi safi.

"Alhamdulillahi," nikasema, nikatafuta viatu vyangu.