Pasi ya Kumtafutia Mbwa Dawa

Mume wangu alikuwa mtunza mbwa katika shamba la mzungu juu ya Njoro, ambako maua ya pareto yalipandwa hadi ukingoni mwa msitu. Tulikuwa na binti anayetambaa. Memsahibu, mke wa mzungu huyo, alipougua akapelekwa Nairobi kutibiwa, alimwachia mume wangu mbwa jike mwekundu, mwenye mimba, pamoja na nyama ya kumlisha.

Nyama hiyo ilipikwa kwenye meko yangu. Sisi tulikula posho na maharagwe. Mume wangu aliikata vipande vidogo, akaipuliza ipoe, akamlisha mbwa kwa mkono. Mimi nilipomzaa binti yetu, uji niliuletewa na jirani.

"Ukimsemesha polepole hivyo, anaelewa?" nilimwuliza.

"Anaelewa sauti."

Sauti hiyo mimi sikuwahi kuisikia ikinielekea.

Mbwa akazaa kwenye gunia, kando ya ukuta wetu. Watoto wake walianza vizuri, kisha matumbo yakavimba kama ngoma na manyoya yakafifia. Mmoja akatapika minyoo myeupe, mirefu, iliyojiviringa kama uzi wa kushonea magunia na ingali hai. Kesho yake tukamkuta amekufa.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, na mtu hakutoka shambani bila pasi, karatasi ya ruhusa. Tangu nijifungue nilikuwa nikimwomba mume wangu aniombee pasi nikamwone mama yangu Elburgon. Kila mara alijibu kwamba wakati ule ulikuwa mbaya kumsumbua bwana mwenye shamba. Siku ile mtoto wa mbwa alipokufa, alikwenda kwa bwana kabla ya chai, akapata pasi, akapanda lori la pareto hadi Nakuru kwa daktari wa mifugo. Nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Alirudi jioni na chupa ya dawa.

"Daktari anasema wanazaliwa na minyoo hiyo, wanaitoa kwa mama yao," aliniambia. "Hata maziwa yake yanawaambukiza. Tumpe dawa mama na watoto, turudie tena baadaye. Na kinyesi chao kifukiwe, mtoto wetu asikiguse."

"Kumbe umemkumbuka mtoto wetu."

Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ngeni.

Siku ya kurudia dawa, nyapara alimwita akazime moto uliozuka kwenye kikaushio cha pareto. Dawa niliitoa mimi. Nilimpakata kila mtoto wa mbwa, nikamfungua kinywa, nikamimina kwa kijiko. Baadaye minyoo ilitoka kwa mafundo, mingine juu ya kanga yangu. Nilichimba shimo nikaifukia, nikafua kanga, nikanawa mpaka vidole vikauma. Mama yao alikuja akaniwekea kidevu gotini. Nikamsukuma.

Mume wangu alirudi amejaa masizi. Aliulizia mbwa kabla ya kunisalimu.

"Wazima," nikasema. "Na mimi mzima."

Memsahibu aliporejea, watoto wa mbwa walikuwa wamenona na wakikimbizana uwanjani. Alishuka garini amekonda, akaita mara moja tu. Yule mbwa mwekundu alimrukia kifuani akalia kama mtu.

"Mbwa yangu nakwisha kula mzuri," memsahibu akamwambia mume wangu. Akawapakia wote garini, akaenda zake nyumba kubwa.

Mume wangu alibaki amesimama na sufuria ya nyama mkononi.

"Mbwa hata hakugeuka kunitazama," akasema.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hamu, nikidhani ningefurahi. Lakini niliuona wivu usoni mwake, wivu ule ule niliolala nao tangu memsahibu aondoke, ila wake ulikuwa kwa ajili ya mbwa. Nilitamani siku moja mtu aumie hivyo kwa ajili yangu.

"Niombee pasi," nikamwambia.

Alikwenda kwa bwana asubuhi, akaniletea. Nilikaa kwa mama yangu mpaka mvua zikaanza. Alinifuata mwenyewe, akaketi jikoni kwa mama, akala alichopewa, na hakujua aanzie wapi. Sikumsaidia.

"Nyumba imepoa," hatimaye akasema, kwa sauti ya polepole, ile aliyomsemeshea mbwa.

Nikamfunga mtoto mgongoni, tayari kwa njia.